Sì yao si "si" yetu

Tarbaj, Kaunti ya Wajir
Jumapili, baada ya Alasiri

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako anakusalimu sana na amenisimamia hapa nisisahau kukwambia upitie ile sweta ya kijivu kabla ya safari, maana amesikia Forlì, huko Italia unakokwenda kusoma, huanguka theluji. Nimemwambia haianguki kila siku. Hakuniamini. Lori la maji lilipita juzi, na yule ngamia mwekundu uliyekuwa ukimwogopa amezaa jike. Hizo ndizo habari za nyumbani, sasa nije kwenye lililonifanya nitafute kalamu.

Juzi kwenye simu uliniambia, "Abti, Kiitaliano hakina taabu. Nimeshajua buongiorno, grazie na sì. Mengine yatakuja yenyewe." Nikacheka, nawe ukadhani nimefurahi. Buongiorno na grazie sina neno nazo, hazijapata kumdhuru mtu. Hiyo sì ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kabla hujaniuliza mbona nakuandikia Kiswahili na si Kisomali: Kisomali kilipata hati yake rasmi mwaka 1972, tena ng'ambo ya mpaka. Shule niliyosoma mimi haikunifundisha kukiandika, na sitaki binti wa dada yangu anirudishie barua yangu imejaa wino mwekundu. Halafu kuna sababu nyingine. Kiitaliano nilikipata nikiwa Malindi, nikakisikia kwa sikio la Kiswahili, na mashimo yote niliyotumbukia niliyachimbiwa na Kiswahili.

Unajua nilikuwa dereva wa watalii kule miaka ya tisini. Waitaliano walikuwa wameshaizoea pwani ile tangu walipojenga kituo chao cha roketi Ngomeni, kaskazini ya Malindi, walikorusha setilaiti kuanzia 1967. Nilipofika mimi, muuza vinyago, mpishi, msusi wa ufukweni na kijana wa mashua, kila mmoja alikuwa na Kiitaliano chake mdomoni. Hakuna aliyekaa darasani. Tulikiokota mchangani kama watoto wanavyookota simbi, na simbi nyingine zina makali.

Makali ya kwanza ni hilo neno sì lenyewe. Kwetu si ni kukana: si kweli, si mimi, si leo. Kwao sì ni ndiyo. Wiki zangu za kwanza nilikuwa nikimuuliza mgeni jambo, akinijibu sì, mimi nangoja amalizie. Si nini? Si hapa? Si sasa? Yeye keshamaliza zamani, ananishangaa mbona siondoi gari. Na kile kialama kinacholala juu ya i usikidharau. Bila hicho neno linageuka kuwa jingine kabisa, lile "ji" letu la kujirudia: si lava, ananawa, si chiama, anaitwa. Kwenye meseji wenyewe hukiacha, lakini wewe kwenye mtihani kiweke.

Sasa kisa cha tanica. Sijapata kukihadithia nyumbani kwa sababu mama yako angenicheka mbele ya wanawe.

Tanica ni jerikeni. Ilikuwa Agosti, wageni wamefurika, na mimi nimepewa mama mmoja wa makamo na mumewe niwapeleke Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla hatujaondoka, yule mama akazunguka nyuma ya gari kukagua. Pale panapofungwa jerikeni la akiba ukanda ulikuwa unaning'inia mtupu, kwani tajiri wangu alilichukua usiku kwa ajili ya gari jingine. Mama akaniuliza, Non c'è la tanica? Yaani, jerikeni halipo? Nami, mtoto wa Tarbaj niliyelelewa kumjibu mkubwa upesi na kwa adabu, nikamjibu vile ambavyo ningemjibu Mswahili: Sì, signora. Ndiyo mama, halipo.

Yeye akasikia lipo. Akaitikia kwa kichwa, akapanda, akafunga mlango. Nikawaza moyoni, hawa Waitaliano wana tawakkul kuliko sisi.

Tangi lilikuwa limejaa, na kwa mizunguko ya kawaida lingetosha kabisa. Lakini yule mume alimtaka duma. Tukamtafuta duma upande wa Aruba, tukamtafuta kando ya mto Galana, tukarudi tena Aruba kwa sababu mtu fulani alimwona jana. Saa tisa mshale umelala, gari likakohoa mara mbili, likanyamaza. Mama akasema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeomba chumvi, nichukue tanica. Nikamwambia haipo. Ma hai detto di sì! Lakini ulisema ndiyo! Nikamjibu, ndiyo, nilisema ndiyo, halipo. Tukatazamana. Nadhani hata wanyama waliokuwa wakituangalia hawakuelewa nani ana kosa.

Tulikaa pale mpaka lori la KWS, shirika la wanyamapori, lilipopita jua likizama. Lakini yule mama alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Ravenna, na mwalimu akikwama porini hufundisha. Mumewe akalala kwenye kiti cha nyuma, sisi tukasimama kwenye kivuli chembamba cha gari, na kwa kidole akaniandikia kwenye vumbi la boneti. Mafunzo ya siku ile ndiyo ninayokupa wewe leo, bila vumbi.

Kiswahili kikiulizwa kwa kukanusha hujibu maneno ya muulizaji. Hujala? Ndiyo, sijala: yaani umesema kweli. Kiitaliano hakijali muulizaji amesemaje, kinajibu hali yenyewe ilivyo. Ukiulizwa Non hai mangiato? na kweli hujala, jibu ni no. Ukisema sì, umekula, na sahani itaondolewa mezani. Mimi hadi leo nikijibu inabidi ninyamaze nukta moja nifikirie. Kwa hiyo fanya kama alivyoniagiza mwalimu wangu wa boneti: kamwe usijibu swali la namna hiyo kwa neno moja. Lirudie tendo. No, non ho mangiato. Sì, ho mangiato. Na mtu akikubishia kwamba hujala ilhali umekula, wana lao la kusisitiza: sì che ho mangiato, nimekula bwana!

Usidhani ni habari ya chakula na jerikeni tu. Ofisi za kule zinapenda sana kuuliza kwa kukanusha. Non ha il codice fiscale? Huna nambari ya kodi? Nambari hiyo, yenye herufi na tarakimu 16, utadaiwa kila pahali, ukikodi chumba, ukifungua akaunti, ukinunua laini ya simu. Kama huna, ukajibu sì kwa adabu ya Tarbaj, yule karani ataandika unayo, ataendelea na swali linalofuata, na wewe utarudishwa nyumbani mwisho wa foleni bila kujua ulikosea wapi.

Pale pale kwenye gari, tulipomaliza kulaumiana, nilimuuliza hiyo sì yao ilitoka wapi. Akanieleza kwamba Kilatini cha zamani hakikuwa na neno moja la kukubali. Mtu alirudia kitenzi, au alisema sic, maana yake "hivyo". Hiyo sic ndiyo iliyokonda ikawa sì. Nikamwambia, basi mama sisi ni ndugu, kwani ndiyo na ndivyo ni kidole kinachoonyesha: ndiyo hiyo, ndivyo hivyo. Alifurahi kama amemwona duma.

Tena akanisimulia habari za Dante, mshairi wao mkuu, aliyefariki mwaka 1321 na kaburi lake liko Ravenna, mjini kwa yule mama. Dante aliandika kitabu kwa Kilatini juu ya lugha za watu wa kawaida, akazigawa kwa jinsi watu wanavyokubali: wa kusini mwa Ufaransa waliosema oc, wa kaskazini waliosema oïl, na wa Italia waliosema sì. Ile oïl ndiyo oui ya Wafaransa wa leo, na oc imebaki ndani ya jina la eneo la Languedoc. Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa barabarani. Kwa kipimo cha Dante sisi Wasomali tungeitwa watu wa haa, jirani zetu Waborana watu wa eeyyee, na Malindi nchi ya ndiyo. Ravenna haiko mbali na Forlì, treni zipo. Ukienda, nisalimie kaburi.

Turudi kwenye kazi. Neno lako la kila siku liwe va bene. Ndiyo sawa yao, halimkwazi mtu, linafaa kwa mwenye nyumba, kwa mwalimu, kwa muuza nyanya. D'accordo ni zito zaidi: tumeafikiana. Ndani yake, ukichimba, kuna moyo, ile cor ya Kilatini, kwa hiyo usilitupe ovyo. Tazama pia kwamba wenyewe husema sono d'accordo, "niko katika kuafiki", kama mtu anayesimama mahali. Ukikaribishwa kula, na wewe kweli unataka, sema volentieri, kwa moyo mkunjufu. Huko ni kama kusema bismillah kwenye sinia la watu: mwenyeji anang'aa uso.

Come no itakuchanganya. Sikio litashika no, utadhani umekataliwa, kumbe mtu anakwambia itakosaje! Niliwahi kumnyima mgeni chai kwa sababu hiyo. Già maana yake hasa ni "tayari", lakini kama jibu ni ile "ndiyo hivyo" ya mtu anayehema, inayosemwa kwenye habari za msiba, bei za vitu na timu iliyofungwa. Appunto ni "si ndilo nililosema?", nalo lina kakiburi kidogo. Usimwambie profesa.

Na sasa neno ambalo hakuna dereva Mswahili anayeweza kulisahau. Tulikuwa Gedi, kwenye magofu, nikamuuliza kijana mmoja Mwitaliano kama kesho angependa niwapeleke Lamu. Akarusha mikono yote miwili juu na kupaza sauti: Magari! Nikaenda kwa tajiri nikamwambia wageni wanataka magari ya kwenda Lamu, tena yasiyopungua mawili. Tajiri alikijua Kiitaliano. Alicheka mpaka akakalia mfuko wa mkaa. Magari ni "laiti". Yule kijana alikuwa akisema laiti ningeweza, kumbe ndege yake inaondoka asubuhi. Wakati mwingine hulitumia kwa maana ya "huenda". Kwa vyovyote vile mtu akikujibu magari usimwekee sahani. Na akisema vediamo, tutaona, hiyo ni insha'Allah ya mtu asiyetaka kuja. Insha'Allah yetu sisi, kama unavyojua, ni ya kweli. Au tuseme mara nyingi.

Nikueleze kinachonitia wasiwasi hasa, maana jerikeni na magari ni ya kuchekesha tu. Sisi tuna ndiyo ya heshima. Mzee akizungumza tunasema haa, haa, haye, toka mwanzo hadi mwisho, na hatumaanishi tumekubali, tunamaanisha tunamsikia na hatumkati neno. Nimekuangalia tangu utotoni: wewe ni hodari wa ndiyo hiyo kuliko ndugu zako wote. Ulimwitikia ayeyo, bibi yako, haa za asubuhi nzima, kisha ukaenda ukafanya lako. Waitaliano nao wana yao, utawasikia kwenye simu sì sì sì kama mvua ya mawe juu ya bati. Lakini uso kwa uso, mbele ya karani au mwenye nyumba mwenye karatasi mezani, sì yako itahesabiwa ni mkataba. Na ukinyamaza pia umekwisha, wana methali yao: chi tace acconsente, anyamazaye amekubali. Kwa hiyo jifunze mapema, kabla hata ya kujifunza kuagiza chai: non ho capito, sijaelewa. Può ripetere? Tafadhali rudia. Hakuna utovu wa adabu hapo. Utovu ni kuitikia usilolielewa halafu ukaja kulikana.

Karatasi ya kwanza itakuja upesi kuliko unavyofikiri. Ukishaingia Italia una siku 8 za kazi za kuomba kibali cha kukaa, na maombi yenyewe huanzia posta, kwenye bahasha yenye mstari wa njano. Mgeni wa mara ya kwanza mwenye miaka 16 au zaidi, anayeomba kibali cha mwaka mmoja au zaidi, hutia saini pia kitu wanachokiita accordo di integrazione. Ulitambue hilo neno, ndilo lile la d'accordo, limevaa suti. Utaratibu huo ulianza Machi 2012. Unapewa pointi 16 ukiweka saini, na ndani ya miaka miwili unatakiwa ufikishe 30, pamoja na Kiitaliano cha kuzungumza cha daraja la A2 na kuijua katiba yao kidogo. Hiyo ni ndiyo ya miaka miwili, siyo ya kwenye simu. Isome. Omba nakala yako na uihifadhi pamoja na pasi.

Mama yako amepita hapa sasa hivi, ameuliza naandika nini kirefu namna hii. Nimemwambia naandika juu ya ndiyo. Ameniangalia tu akaenda kuangalia baasto jikoni. Na hapo ndipo nilipokumbuka jambo: hata hiyo baasto aliyoibandika ni pasta yao. Wasomali wa kusini walikaa chini ya Waitaliano miaka mingi, na mwaka 1925 Waingereza waliikata Jubaland kutoka Kenya wakawapa, ndipo mpaka ulipokuja kulala hapo upande wetu wa mashariki. Juni 1940 ndege zao zilipiga mabomu Wajir, na Desemba mwaka huohuo wakapigwa Elwak, juu ya barabara hiihii inayopita mlangoni kwangu. Walipoondoka tukabaki na baasto tunayoila na ndizi, boorso ya kutilia pesa, jalaato, barafu ya watoto, farmaajo, jibini lililompa rais mzima wa Somalia jina lake la utani, na jaaw ya kuagana. Chakula chao tumekichukua, mkoba wao tumeuchukua. Ndiyo yao hatukuichukua, tukabaki na haa yetu. Sijui kama babu zetu walifanya hesabu hiyo kwa makusudi, lakini naipenda.

La mwisho, na hili sitalifanyia mzaha. Mji unaokwenda kusoma ndio uliomzaa Annalena Tonelli, mwaka 1943. Alisomea sheria, akaja Kenya 1969, baadaye akakaa Wajir, akajiingiza katika kuuguza wagonjwa wa kifua kikuu. Mfugaji zamani alikuwa akipata nafuu kidogo anafuata mifugo yake, dawa zinabaki nusu, ugonjwa unarudi na hasira. Mwaka 1976 ulipoanzishwa mradi wa tiba fupi kwa wafugaji, wagonjwa walialikwa wapige vibanda vyao pale Wajir wakae miezi sita, wakimeza dawa mbele ya macho yake. Mtu mwenye ngamia kumi malishoni, hajui mvua itanyesha wapi, kukubali kukaa mahali pamoja miezi sita! Nimekwambia habari za ndiyo nzito na ndiyo nyepesi. Hakuna nzito niijuayo kuliko hiyo. Walikaa, wakapona. Na Februari 1984, yalipotokea mauaji ya raia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, hapa Wajir, yeye ni miongoni mwa waliokwenda kuwatafuta majeruhi na maiti, akaupelekea ulimwengu habari. Mwaka uliofuata alilazimika kuondoka Kenya. Aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003, ndani ya eneo la hospitali aliyoianzisha. Ukikaa Forlì, mtu akikuuliza unatoka wapi, usiseme Nairobi kwa kuona Wajir haijulikani. Katika mji huo mmoja inajulikana.

Ukifika niandikie, japo mstari mmoja. Jumamosi ya kwanza nitakupigia saa tatu usiku za huku, na mama yako atakuwa kando yangu ameinamia simu. Nitakuuliza, Non hai ancora mangiato? Ukinijibu sì nawe una njaa, nitakata simu, nikuache ulale hivyohivyo.

Ni mimi,
Abti yako